Mkono Usioachia

Mkono wangu wa kulia unashika vizuri. Kinachoushinda ni kuachia. Vidole vikishazunguka kitu hukaza vyenyewe, na nikitaka kukitoa lazima mkono wa kushoto uje uvikunjue kimoja kimoja, ukianza na gumba. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya mlima inaposhuka hadi kwetu, unafunga kama mlango uliovimba kwa mvua. Hivyo ndivyo kiharusi kilivyoniacha: mguu unaoburuta kidogo, ulimi uliorudi karibu wote, na mkono unaojua nusu ya kazi yake.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia, kwa hiyo nilitaka kujua kwa nini. Damu ilikosekana upande wa kushoto wa ubongo, na nyuzi za neva zinazoongoza viungo huvuka kwenda upande wa pili kabla hazijashuka kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana kichwa kiliumia kushoto na mkono ukalala kulia. Uwezo wa kukunja vidole mara nyingi hurudi mapema. Wa kukunjua huchelewa, na kwa wengine haurudi. Katikati hapo misuli ya kukunja, kwa kukosa wa kuituliza, hukaza tu. Ukichoka, ukipigwa na baridi, ukikasirika, inazidi. Mtaalamu wa tiba kazi aliyenihudumia Moshi alinieleza haya kwa subira, akanipa zoezi la kuhamisha vifuniko vya soda kutoka bakuli moja kwenda jingine. Alisema ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia, na hujifunza vizuri zaidi pale kazi inapokuwa na maana kwa anayeifanya. Nilimwamini. Lakini vifuniko vya soda, kwa mtu mzima aliyezoea kufundisha mwendo wa sayari, havikuwa na maana yoyote, na nadhani hata yeye alilijua hilo.

Kisu kiliingia maishani mwangu kwa njia ya nyama. Nyumbani mke wangu alinikatia kabla sahani haijafika mezani, na hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuwa kwenye sherehe. Kwetu kipaimara cha mtoto ni shughuli nzito, mbuzi anachomwa, wanaume wanakaa meza moja, kila mmoja na kipande chake. Halafu inakuja sahani ya Mwalimu, nyama imeshakatwa vipande vidogovidogo kama ya mtoto anayeota meno. Hakuna anayesema kitu. Wanaendelea kuongea siasa, tena kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kisu cha kawaida, ukikifikiria, ni chombo cha mikono miwili. Kinakata kwa kwenda na kurudi, na kinapokwenda kinaiburuta nyama, kwa hiyo lazima pawe na uma au vidole vya kuizuia. Ukitaka kukata kwa mkono mmoja inabidi nguvu ishuke wima. Wainuit, kuanzia Alaska hadi Greenland, wana kisu cha namna hiyo, ulu, ambacho ubapa wake ni nusu mwezi na mpini umekaa juu yake, si nyuma yake. Unakikandamiza, unakibembeza, nyama inabaki ilipo. Admirali Horatio Nelson wa Uingereza, aliyepoteza mkono wake wa kulia huko Tenerife mwaka 1797, alitengenezewa chombo kimoja chenye kisu na uma pamoja. Nikasema, kama mtu aliyekuwa akiongoza manowari hakuona aibu kula kwa kisu cha namna yake, mimi ni nani. Nikachora nusu mwezi kwa mkono wa kushoto, mchoro wa ovyo kweli, nikaenda nao Mamba.

Mamba ni jirani ya Marangu, na wahunzi wake wamefua mikuki, mundu na visu tangu zamani, kabla Mjerumani hajafika. Chuma chenyewe Wachagga walikipata kwa Wapare. Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, ameeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyokuwa watawala wa Ugweno kabla ya kuondolewa na Wasuya. Mtu anayejua kutoa chuma kwenye jiwe hakuwa fundi tu wa kuitwa na kutumwa. Siku hizi jiwe halichomwi tena. Chuma kinatoka chini ya magari: springi za Land Rover, za Isuzu, za matrela, zinazonunuliwa kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu.

Mhunzi niliyemwendea ni mzee ambaye kila mtu anamwita Meku, nami nitamwita hivyohivyo.

“Shikamoo, Meku.”

“Marahaba, Mwalimu. Huo mkono umepatwa na nini?”

Nikamweleza. Alisema pole mara moja, si mara tatu. Aliushika, akaugeuza kiganja juu, akajaribu kuvinyoosha vidole akaona vinavyokataa. Kisha akauliza kuhusu ule mwingine, ambao kwa muda wote wa ugonjwa wangu hakuna aliyewahi kuuliza habari zake.

“Na wa kushoto?”

“Mzima.”

“Basi wewe una mkono wa koleo. Nyundo tutampa mtu.”

Nilikuwa nimekwenda kuagiza kisu. Nikarudi nyumbani na ahadi ya kuja kukitengeneza mwenyewe.

Jibu lile nimelitafakari sana, maana limebeba kitu ambacho sisi watu wa vyeti tumekisahau. Tukimwaza fundi tunamwaza mtu mmoja mwenye mikono miwili hodari, amejifungia kwenye karakana yake, anaanza kazi na kuimaliza. Banda la mhunzi halikupangwa hivyo. Kuna anayevukuta. Kuna anayeshika chuma na kuamua kirudi motoni lini, kigeuzwe upande gani. Kuna anayeshusha nyundo kubwa. Mwenye ujuzi kuliko wote ndiye mwenye koleo, na katika mabanda mengi duniani huyo hushika kwa kushoto, na kwa kulia hugonga kwa nyundo ndogo kumwonyesha mpigaji mahali pa kupiga. Yule mwenye misuli anafuata tu. Kwa hiyo kazi ambayo ulemavu wangu ulininyima ilikuwa, kwa hesabu ya zamani, kazi ya mwanafunzi.

Sikuwa na mkono wa nyundo ndogo, nikatumia mdomo. “Ncha.” “Rudi.” “Taratibu.” Mpigaji alikuwa mjukuu wa Meku, kijana ambaye mwanzoni alichanganyikiwa kwa sababu maneno yangu yalikuwa bado yanakokota, na chuma chembamba kikitoka motoni hakisubiri mtu amalize sentensi, sekunde chache tu wekundu umeshafifia, na ukipiga chuma kilichopoa unakipasua. Tukakubaliana maneno mafupi, silabi mbili tatu, yasiyofanana. Hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa nilishasimama mbele ya darasa la vijana themanini: sauti ninayo, na najua kuitumia bila kupiga kelele.

Koleo nalo lilihitaji kufanyiwa ujanja. Kulibana muda mrefu kwa mkono mmoja kunachosha, na mkono wa kushoto ukichoka mimi sina wa akiba. Meku alilifulia pete ya duara inayosukumwa kwenye mikono ya koleo hadi ikabana yenyewe. Sikuwa nashika tena. Nilikuwa nabeba tu. Baadaye niliona wahunzi wazima nao wakilitaka koleo lile, hasa jioni wakiwa wamechoka, na likawa halipatikani ninapolihitaji.

Lakini kufua si njia pekee ya kupata kisu, na nusu mwezi haukuhitaji kufuliwa sana. Unaweza kuinyoosha springi, ukachora umbo, ukakata kwa msumeno wa chuma, ukamaliza kwa tupa. Meku aliidharau njia hii. Kwake kisu ambacho hakikupigwa nyundo ni bati lenye makali. Hapo tulibishana kwa furaha kubwa, na nikamletea habari za Bob Loveless, Mmarekani aliyefariki mwaka 2010, aliyekuwa na karakana Riverside, California, na ambaye aliifanya njia ya kukata na kuondoa chuma iheshimike miongoni mwa watengeneza visu. Huyu naye alianza na springi. Inasimuliwa kwamba alikuwa baharia, akataka kisu fulani New York akaambiwa kuna foleni ya miezi, akaokota springi ya gari la Packard kwenye uwanja wa magari mabovu akajitengenezea cha kwake. Meku alisikiliza mpaka mwisho.

“Hiyo springi aliinyoosha kwa kitu gani?”

“Kwa moto na nyundo.”

“Basi,” akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Springi ya gari imetengenezwa ipinde na irudi, kwa hiyo ukiikata jinsi ilivyo utamaliza misumeno. Inapashwa hadi iwe nyekundu, inafukiwa kwenye majivu makavu, inalazwa humo usiku kucha ipoe polepole. Asubuhi imelainika, inakubali msumeno na inatobolewa bila kelele. Springi kuukuu huwa na nyufa zisizoonekana kwa macho, matokeo ya miaka ya kupigwa na mashimo ya barabarani, kwa hiyo tunachagua vipande vya mwisho wa jani, mbali na lile tundu la katikati ambako mzigo wote hukaa.

Tupa ndiyo iliyonipa shida ya kweli. Upigaji tupa unataka mikono miwili: mmoja kwenye mpini unasukuma, mwingine kwenye ncha unakandamiza na kuhakikisha tupa hailewi. Mtu mzima hata hafikirii. Mimi tupa yangu ilikuwa inapepesuka, na makali yanatoka na tumbo katikati. Ukiliangalia jambo hili kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita ustadi wa mkono ni kuzuia tu: kuzuia pembe isibadilike, kuzuia kipande kisiteleze, kuzuia mkono wenyewe usitetemeke. Na kuzuia ni kazi ambayo jiliwa, ile tunayoiita vaisi mtaani, inaifanya vizuri kuliko mwanadamu yeyote.

Basi nikatengeneza cha kuizuia tupa. Ubao wa mninga umefungwa kwenye jiliwa. Ubapa umelala juu yake, makali yakinielekea mimi. Nyuma ya mgongo wa kisu inasimama bolti yenye jicho, na tupa imefungwa kwenye fimbo ndefu ya chuma inayopita katika jicho hilo. Nikisukuma na kuvuta kwa mkono wa kushoto, tupa haina hiari. Inapita njia ileile kila mara. Jicho likiwa sentimeta 30 kutoka kwenye makali na sentimeta 5 juu ya usawa wake, tupa inalala kwa nyuzi 9 na nusu hivi. Hatimaye nimepata matumizi ya tanjenti nje ya karatasi ya mtihani. Mkono wa kulia nao ulipata kazi: nauegemeza juu ya tupa, ngumi na yote, uwe uzito. Haushiki chochote, kwa hiyo hauna cha kuachia.

Nusu mwezi ulileta swali jingine, maana makali yake ni duara, na ukilifunga umbo la duara mahali pamoja, pembe inabadilika kadiri unavyokwenda pembeni. Jibu lilikuwa kuuweka ubapa juu ya kisahani cha mbao kinachozunguka kwenye bolti, bolti ikiwa katikati kabisa ya duara la makali. Nalegeza nati ya masikio, nazungusha kidogo, nakaza, napiga tupa, nalegeza tena. Kila sehemu ya makali ikifika mbele ya tupa inakuwa katika umbali uleule. Ni kazi ya polepole, na watu wakija bandani wanadhani polepole hiyo inatokana na ugonjwa. Inatokana na tupa. Chuma kinaondoka kwa kasi yake, na mtu mwenye mikono miwili mizima anayeheshimu pembe hanizidi kwa mengi.

Kazi ya moto, yaani kukifanya kisu kiwe kigumu, ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu pale mkono karibu hauna nafasi. Jicho ndilo lenye kazi. Banda la Meku lina giza, na nilidhani ni uchakavu tu wa jengo mpaka nikaelewa kuwa juani rangi ya chuma cha moto haisomeki. Meku anasoma rangi. Mimi, kwa kukosa miaka yake hamsini, nilining'iniza kwa waya sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Chuma kikifika nyuzi 770 za Selsiasi hivi, sumaku inaacha kukivuta. Nagusisha, kikivutwa, kinarudi motoni, kikikataa, nakiacha kipate moto kidogo zaidi, rangi isogee, ndipo kinaingia kwenye mafuta. Meku aliitazama sumaku ile kwa siku kadhaa bila kusema neno. Kisha akaanza kuisahihisha: alikuwa anasema “bado” au “tayari” kabla sijagusisha, na sumaku ikawa inamkubalia.

Mafuta ndiyo yalituletea mgogoro. Yeye hutumia oili chafu ya magari, ambayo moshi wake unabana kifua na una mabaki yasiyofaa kuvutwa na mapafu ya mtu yeyote, seuze yangu. Nikanunua mafuta ya alizeti. Yakipashwa kidogo, yafikie joto la kuweza kutumbukiza kidole na kukitoa upesi, yanapoza springi vizuri bila kuipasua. Tangu hapo siku za kuchovya banda zima linanuka chipsi.

Kuchovya kunataka mkono mmoja na miguu miwili. Ubapa mwembamba lazima ushuke wima. Ukiingia kwa mshazari upande mmoja unapoa kabla ya mwingine na kisu kinajipinda. Mguu wangu haufai kupiga hatua za haraka huku nimebeba moto, kwa hiyo tulihamisha ndoo. Hapo awali ilikaa ukutani, hatua kadhaa kutoka jikoni mwa moto, kwa sababu ilikuwa imekaa hapo tangu enzi za baba yake Meku. Sasa iko ubavuni mwa moto, nageuza kiuno tu. Sijui kwa nini ilihitaji mgonjwa ndipo ihamishwe.

Kikitoka kwenye mafuta kisu ni kigumu mno, ukikiangusha sakafuni kinaweza kuvunjika. Tupa ikipita juu yake inateleza tu. Inabidi kipashwe tena, kidogo, kipoteze sehemu ya ugumu kipate uvumilivu. Nausugua ubapa kwa msasa hadi ung'ae, nauweka juu ya mchanga mkavu kwenye kikaango, chini mkaa wa kiasi. Halafu nakaa kwenye kigoda. Utando mwembamba sana wa oksidi unajijenga juu ya chuma, na kadiri unavyonenepa unarudisha rangi tofauti za mwanga: kwanza manjano hafifu ya nyasi kavu, ambayo ni nyuzi mia mbili na kitu, baadaye kahawia, zambarau, na ukizembea, bluu. Kisu cha jikoni nakiondoa kwenye manjano. Darasani nilikuwa nafundisha jambo hilohilo la mwanga kwa mfano wa petroli iliyomwagika juu ya dimbwi, na vijana walikuwa wanasinzia.

Sasa niseme habari za hatari, maana nimewaona watu wakisimulia kazi za namna hii kama vile ni dawa. Mkono wangu wa kulia hauhisi joto sawasawa. Chuma kinaacha kuwaka muda mrefu kabla hakijaacha kuunguza. Kipande cheusi kilicholala sakafuni kinaweza kuwa na nyuzi 400 na kikaonekana hakina habari. Mtu mzima akikigusa anaruka. Mimi kwa kulia naweza kukiokota, na nikishakiokota, vidole vinakaza. Ndiyo maana kanuni yangu bandani ni kwamba kila chuma ni cha moto mpaka mgongo wa mkono wa kushoto, ukiwa umesogezwa karibu bila kugusa, useme hapana. Mkono wa kulia hauokoti chochote kutoka chini, hata msumari.

Grenda ya mkononi nimeikataa. Imetengenezwa kwa kudhani kwamba ukipata taharuki utaiachia, na mimi nikipata taharuki ndipo ninapobana zaidi. Kwenye mashine ya kutoboa sivai glavu kabisa, kwa sababu kitambaa kikinaswa na keekee kinavuta mkono, na mkono usioweza kufunguka hautoki ndani ya glavu. Mjukuu wa Meku ananitobolea. Kuna watu hawapendi kusikia hivyo. Wanataka nimeshinda kila kitu. Ilikuja timu ya shirika moja kupiga picha, wakaniomba nishike nyundo kwa mkono wa kulia na kuiinua. Nikawaambia nyundo si kazi yangu, kazi yangu ni koleo. Wakasema koleo halionyeshi vizuri. Kijana akawaletea nyundo, wakaiweka vidoleni mwangu, wakapiga picha zao wakaondoka, na mimi nikabaki kuvikunjua vidole vyangu kutoka kwenye nyundo ambayo sikuiomba.

Mipini nilijifunza kwa mwili wangu mwenyewe. Mkono dhaifu unapenda kitu kinene. Kitu chembamba kinaudai ukunje zaidi, na ukikunja zaidi misuli inakaza zaidi. Wataalamu wa tiba kazi wanalijua hili, ndiyo maana huviringisha sponji kwenye vijiko na kalamu. Mimi sponji sikuitaka. Nilitumia mpingo, mti ambao Moshi ina sababu ya kuuonea fahari: Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea aliyeishi hapa, aliotesha miche yake kwa miaka mingi pamoja na mradi wa kuuhifadhi ulioanzishwa mwaka 1996. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na uzito huo ni msaada kwa kisu cha kukandamiza, kwa sababu unakandamiza nawe. Vumbi lake linawasha pua na ngozi, kwa hiyo nausugua ukiwa umelowa. Mpini wa nusu mwezi niliufanya mnene wa kujaza ngumi, na mbele yake nikaacha kifundo ili ngumi isishuke kwenye makali.

Kisu cha kwanza kilikata nyama mezani kwangu, nyama ikabaki ilipo. Kikatembea. Mama mmoja wa jirani, naye wa kiharusi, upande wa kushoto, alikiona akakitaka. Yeye shida yake haikuwa nyama, ilikuwa ndizi. Anayejua mtori anajua kwamba kabla ya kupika kuna kumenya ndizi mshare mbichi, moja moja, utomvu unanata, na ndizi inateleza mkononi hata kwa mwenye mikono miwili. Tukamtengenezea ubao wenye misumari miwili iliyochomoza; ndizi inachomekwa juu ya misumari, inatulia, anaimenya kwa kisu kifupi kilichonolewa upande mmoja tu. Kisu cha namna hiyo huvuta kuelekea upande mmoja kinapokata, kwa hiyo cha mkono wa kulia kikipewa mwenye mkono wa kushoto kinazama ndani ya ndizi badala ya kupita chini ya ganda. Sasa kila anayeagiza tunamuuliza kwanza mkono gani, na nimegundua swali hilo linawafurahisha watu. Wamezoea kuulizwa ule mbovu.

Je, mkono wangu umepona? Umefunguka kidogo. Siku ya joto, nikiwa nimepumzika na sina haraka, naweza kushika tupa na kuiachia mwenyewe, nikisubiri. Mtaalamu wangu aliipima hali hiyo akafurahi, nami nilifurahi kwa ajili yake. Lakini sikuendelea kwenda Mamba kwa sababu hiyo, na kama mkono ungebaki ulivyokuwa ningeendelea kwenda.

Kinachonishinda hadi leo ni ala. Nusu mwezi ndani ya droo ya jikoni ni hatari, hasa kwa mtu ambaye mkono mmoja hauhisi, na kisu chema kinastahili ala ya ngozi. Kushona ngozi ni sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, na nimeshajaribu vibanio, miguu, hata meno. Nimeuliza watengeneza viatu wa Moshi; bei yao inakizidi kisu. Kwa hiyo nachukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, naupasua kwa urefu, nauvika kwenye makali. Unakaa vizuri na hautoki. Meku amekataa katakata kitu hicho kuonekana kwenye meza yake siku ya soko, anasema watu watadhani anauza mabomba. Visu vyetu vinakwenda sokoni vimefungwa kwenye gazeti, na mpira umo ndani.